Insha Iliyoandikwa Mara Mbili: Kisa cha Darasa la Tano Mkoani Kigoma

Malalamiko yalifika kwa mwalimu mkuu yakiwa na ushahidi wake. Baba wa mtoto wa darasa la tano alilifungua daftari mezani, akaonyesha kurasa mbili zilizokatwakatwa kwa peni, mishale ikipanda na kushuka, maneno yamechomekwa pembeni, na kalamu nyekundu ya mwalimu haionekani popote. Hakuna "vema", hakuna sita ya kumi. "Mwalimu," alisema, "mimi sikusoma sana, lakini daftari la shule nalijua. Hili kuku kaparura. Halafu kilichoandikwa humu ni habari za kukamua mawese. Hayo mtoto anayaona nyumbani kila siku. Sasa shuleni nimemleta aje kujifunza nini?"

Shule iko Wilaya ya Kigoma, upande wa michikichi, kabla barabara haijaanza kupanda kuelekea Kasulu. Darasa hilo lina watoto zaidi ya themanini. Nyumbani wanaongea Kiha. Kiswahili wanakipata shuleni, sokoni na redioni. Mimi ni mwezeshaji wa MEWAKA katika kata hiyo, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na mwalimu mkuu aliomba jambo hili lijadiliwe kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule badala ya kumalizwa ofisini. Nimepata ruhusa ya kuliandika bila kutaja shule wala watu. Naliandika kwa sababu mvutano wa walimu wale ni mvutano wa muda mrefu kuhusu namna mtoto anavyofundishwa kuandika, na safari hii ulikuwa wazi kiasi kwamba kila upande ungeweza kusikilizwa.

Mwalimu wa Kiswahili wa darasa hilo ni binti aliyeajiriwa miaka michache iliyopita. Insha ya kwanza aliyowapa ilikuwa na kichwa ambacho wengi tuliosoma shule za nchi hii tumewahi kukiandikia: "Siku nisiyoisahau". Alipokusanya madaftari, karibu yote yalianza na "Ilikuwa siku ya Jumamosi tulivu, anga likiwa limetakata na ndege wakiimba kwa furaha." Aya ya pili ilikuwa safari ya mjini, ya tatu ajali, na ya mwisho kuapa kwamba siku hiyo haitasahaulika maishani. Watoto ambao hawajawahi kupanda basi waliandika ajali ya basi, tena ajali ileile yenye majeruhi walewale. Tahajia ilikuwa safi na mwandiko ulisomeka. Walikuwa wameinakili ubaoni mwaka uliotangulia, wakaikariri, na walikuwa na kila sababu ya kuirudia, maana iliwapatia alama.

Hakuwagombeza. Wiki iliyofuata aliwapa kazi nyingine: mweleze mtu wa Dodoma ambaye hajawahi kuuona mchikichi jinsi mawese yanavyopatikana nyumbani kwenu. Kwanza wazungumze wawili wawili, kwa Kiha kama wakipenda. Halafu waandike kwa Kiswahili, bila kusimama kuuliza herufi. Binti mmoja, ambaye baba yake ndiye aliyekuja baadaye na daftari, aliandika hivi:

"Baba anakata mikungu anareta nyumbani mama anachemsha chikichi tunasaga tunakamua mafuta yanatoka tunauza tunapata hera."

Kazi ya siku nzima imekwisha kwa pumzi moja. Kwa utaratibu niliouzoea mimi, na walioufuata walimu wengi wa rika langu, hapo mwalimu angezungushia "anareta" na "hera", angeweka nukta panapostahili, angeandika 4/10, na daftari lingefungwa. Mtoto angejua kwamba amekosea, na wiki ijayo angepewa kichwa kingine. Mwalimu huyu hakusahihisha chochote. Siku mbili baadaye alichukua madaftari machache, akawaomba wenyewe wasome mbele, na darasa likaruhusiwa kuuliza maswali kama vile wao ndio yule mtu wa Dodoma. Mvulana wa dawati la nyuma akamuuliza yule binti: "Mnajuaje kwamba zimeiva?" Alijibu papo hapo, tena kwa vidole, akionyesha jinsi chikichi inavyobonyezwa. Mwalimu akamwambia: "Hayo uliyoyasema sasa hivi, yaandike." Watoto wote wakarudi kuandika upya, kila mmoja kwa maswali aliyoulizwa na jirani yake.

Nakala ya pili ya yule binti, kipande cha katikati:

"Mama anachemsha chikichi kwenye pipa tangu asubuhi. Akiona moshi mwingi anachukua chikichi moja anaibonyeza kwa vidole. Kama nyama haiachii kokwa anasema bado ongezeni kuni. Ikiachia tunaipua tunasaga ikiwa bado ya moto kwa sababu ikipoa mafuta hayatoki vizuri."

Moshi hapo ni mvuke. Alama za kunukuu hazimo, koma hazimo, na "anareta" ilikuwa bado imekaa palepale mwanzoni. Lakini angalia kilichoingia: "akiona", "kama", "ikiachia", "kwa sababu". Sentensi za masharti na za sababu, ambazo tunazifundisha ubaoni kwa mifano ya Juma na Asha, zimekuja zenyewe kwa kuwa mtu aliuliza swali lililozihitaji. Mimi nimesahihisha insha nyingi katika kazi hii, na ni mara chache nimeona mtoto wa darasa la tano akifikia "kwa sababu" yenye sababu ya kweli ndani yake.

Ndipo malalamiko yakaja, na hayakuwa ya mzazi peke yake. Mwalimu wa taaluma alikuwa amekagua madaftari akakuta kwamba darasa hilo lina insha chache zilizosahihishwa kuliko madarasa mengine. Naye mwalimu mkongwe, aliyekuwa na watoto hao darasa la nne na sasa anafundisha la saba, alisema kwenye kikao kwamba mwalimu huyo kijana anacheza na watoto wa watu.

Kabla ya kusema nani alikuwa na haki, inafaa kueleza tulikotoka, kwa kuwa lawama nyingi katika kikao kile zilitupwa bila kumbukumbu.

Katika shule tulizorithi tangu ukoloni, kuandika kulikuwa ngazi: mwandiko, kunakili, imla, sentensi, na juu kabisa insha na barua. Mtoto alipanda ngazi hiyo akiongozwa na mfano. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma. Miaka kumi baadaye ikaja UPE, elimu ya msingi kwa wote, watoto wakafurika madarasani, na walimu wengi wakaandaliwa harakaharaka wakiwa wenyewe wamemaliza darasa la saba. Kunakili ubaoni kulishika mizizi hapo. Anayekucheka kwa kunakilisha hajawahi kusimama mbele ya watoto mia moja wenye vitabu vinne. Kunakili kunatuliza darasa, kunampa kila mtoto kitu daftarini, na kunasahihishika upesi. Ada ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika tena, na kunakili kukarudi na nguvu zake.

Juu ya karatasi mambo yalikuwa yamebadilika. Mtaala wa mwaka 2005 ulihamisha lengo kutoka kwenye maarifa ya kukumbuka kwenda kwenye umahiri, yaani mtoto aweze kufanya. Mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili wakapewa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mradi wa EQUIP-Tanzania, wa kuinua ubora wa elimu, uliofanya kazi Kigoma na Tabora pamoja na mikoa mingine kuanzia 2014, uliwafikia walimu wa madarasa ya chini moja kwa moja na kuwakumbusha kwamba mtoto anaanza shule na lugha yake ya nyumbani. Januari 2024 ukaanza mtaala ulioboreshwa, wenye elimu ya msingi ya miaka sita badala ya saba. Watoto wa kisa hiki walikuwa darasa la tatu wakati huo, kwa hiyo wao watamaliza elimu ya msingi darasa la sita, mwaka 2027.

Mtihani ulikwenda njia yake. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza darasa la saba, sehemu ya utungaji ilikuwa sentensi zilizochanganywa. Mtoto anazipanga kwa kuzipa herufi A, B, C na D. Kuanzia 2012 majibu yakawa ya kusiliba kwa penseli kwenye fomu inayosomwa na mashine. Baadaye yameongezwa maswali machache ya kujibu kwa maneno mafupi. Kwa hiyo mtoto angeweza kufaulu vizuri kabisa, akaenda sekondari, bila mtu yeyote wa mtihani kuwahi kusoma aya aliyoitunga yeye. Kule kidato cha nne anakutana na swali la insha, na walimu wa sekondari wanauliza shule za msingi zilikuwa zinafanya nini. Zilikuwa zinafanya kile kilichopimwa. Sitamlaumu mwalimu yeyote wa darasa la saba kwa hilo, na ninapenda wanaotunga mitihani walisikie neno hili kutoka kwa mtu anayekaa na walimu.

Mabadiliko mengine yalitokea mbali. Mwaka 1971 Janet Emig, mtafiti wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya wanafunzi wanane wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika eneo la Chicago. Aliwaomba waseme kwa sauti wanachofikiri huku wakiandika, akaona kwamba hawafuati mstari ulionyooka ambao vitabu vya shule vilidai: wanarudi nyuma, wanafuta, wanagundua wanachotaka kusema katikati ya kazi. Kutoka hapo likakua wazo kwamba mwalimu afundishe mchakato, yaani kupanga, kuandika rasimu, kurekebisha na kunakili safi, asingoje tu insha iliyokamilika mwishoni aipe alama. Miaka ya 1980 walimu na wanaisimu wa Sydney, Australia, wakapinga sehemu ya wazo hilo. Walisema mbinu hiyo peke yake inawanufaisha watoto ambao nyumbani kwao maandishi yamejaa, kwa kuwa hao tayari wanajua ripoti au hoja inavyokaa. Mtoto ambaye nyumbani hana maandishi lazima aonyeshwe mfano, aufumue pamoja na mwalimu, waandike mmoja kwa pamoja, ndipo aachiwe aandike wake.

Nilipomsikiliza mwalimu mkongwe nilisikia hoja hiyohiyo, ingawa yeye hakuitoa Sydney. Alisema: "Mwalimu, wewe kwenu kulikuwa na vitabu. Mtoto wa hapa asipofundishwa barua inaanzaje, ataona wapi?" Akakumbusha "Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali. Mimi ni mzima wa afya njema, wasiwasi ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Vijana walicheka, lakini alikuwa sahihi. Maneno yale yaliwahi kuwa na kazi. Kigoma ilipeleka wanaume wengi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, na barua ndiyo iliyowaunganisha na nyumbani; mtoto aliyejua kusoma na kuandika alikuwa karani wa ukoo mzima. Fomula ilimwezesha kutimiza kazi hiyo kwa heshima.

Ambapo namkatalia ni kwamba yule karani mdogo alijua anamwandikia nani, na baba aliyekaa kando yake akitamka maneno alikuwa akimkatiza: hapana, futa, sema ng'ombe amezaa, usiseme mama anaumwa. Barua ile iliandikwa, ikasomwa kwa sauti, ikarekebishwa, ndipo ikafungwa. Darasani tulichukua fomula tukaliacha lile la kurekebisha. Mfano ukanakiliwa, ukapewa alama, daftari likafungwa. Huo ndio upungufu ninaouona katika kufundisha kuandika kwa zamani na kwa sasa, vyovyote mtaala unavyoitwa: mtoto haandiki jambo lilelile mara ya pili. Kosa linalozungushiwa duara nyekundu baada ya kazi kwisha halimfundishi kitu, kwa kuwa hana pa kulitumia.

Kuna ushahidi wa hili. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, Steve Graham na Dolores Perin, walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi za kufundisha kuandika kuanzia darasa la nne hadi mwisho wa sekondari. Kufundisha waziwazi mikakati ya kupanga na kurekebisha kulisaidia sana. Kuandika kwa kushirikiana na wenzao kulisaidia pia. Kufundisha sarufi peke yake, mbali na kazi ya mtoto mwenyewe, hakukuinua uandishi. Ni tafiti za kwingine, za madarasa madogo kuliko yetu, lakini kushirikiana ni jambo ambalo darasa la themanini linalo kwa wingi. Yule mvulana wa dawati la nyuma alifanya kazi ambayo mwalimu mmoja asingeweza kuifanya kwa kila daftari.

Turudi kwa mzazi. Swali lake, kwamba mtoto amekuja kujifunza nini, lilistahili jibu la heshima na halikulipata siku ya kwanza. Alidhani binti yake anafundishwa kukamua mawese. Kwenye kikao mwalimu kijana alimsomea nakala zote mbili, taratibu, bila kueleza nadharia yoyote. Baba akasema nakala ya pili imesahau kwamba povu la juu linaenguliwa kwanza. Mwalimu akampa daftari. Sijui kama mwalimu alipanga vile, ila lilikuwa jibu bora kuliko yote tuliyoyaandaa, kwa sababu mzazi alijikuta anafanya kazi ya msomaji. Hata hivyo alibaki na sharti lake: daftari liwe safi, kwa kuwa daftari ndilo analonunua. Sioni ubaya wa sharti hilo. Kwa mtu anayeuza mafuta kwa chupa, kaunta buku ni gharama.

Mwalimu wa taaluma naye alikuwa na tatizo la kweli. Mthibiti ubora akija anahesabu kazi zilizofanyika na zilizosahihishwa. Rasimu isiyo na alama haihesabiki, na mwalimu anayefanya kazi kubwa zaidi anaonekana mvivu. Hapo nilitumia muda mwingi wa kikao, kwa kuwa mbinu nyingi nzuri zimefia kwenye jedwali la ukaguzi. Tulikubaliana rasimu ziandikwe kuanzia nyuma ya daftari na nakala safi kuanzia mbele, daftari lilelile moja. Kwenye rasimu mwalimu anaweka tarehe na neno "Imesomwa". Nakala safi inapewa alama kama kawaida. Kwenye kitabu cha taaluma zinahesabiwa kuwa kazi mbili, kwa maana ni mbili.

Kuhusu makosa, iliamuliwa kwamba katika kila nakala safi mwalimu anasahihisha aina moja au mbili tu, zilizotangazwa darasani kabla. Kwa mwezi wa mwanzo wa utaratibu huu ni l na r, linalowasumbua sana wasemaji wa Kiha, na nukta. Mwalimu mkongwe aliguna, akasema makosa mengine yataota mizizi. Ni hofu yenye msingi, na imla ya kila wiki imebaki kwa sababu yake. Yeye ndiye atakayeiendesha. Zaidi ya hapo amekubali kuingia darasa la tano kufundisha barua, kwa masharti ya pande zote mbili: ataleta ile fomula ya zamani, watoto wataifumua kipande kwa kipande waone kila kimoja kinafanya kazi gani, kisha waandike yao bila kuigusa.

Kilichoshindikana ni darasa la saba. Insha kuandikwa mara mbili inakula vipindi vitatu, na maandalizi ya mtihani wa Septemba hayana nafasi hiyo. Mwalimu mkongwe alikataa, mwalimu mkuu akamuunga mkono, nami sikubishana. Ila kwa darasa la tano azimio la kazi, yaani mpango wa masomo wa muhula, limepunguzwa: insha nne kwa muhula badala ya nane, kila moja kwenda na kurudi. Nitakagua mwisho wa muhula kama ahadi hiyo imestahimili wiki za mvua na za vikao.

Barua ya kwanza imeshachaguliwa. Kisima cha shule kimeharibika pampu tangu mwaka jana, na watoto wataiandikia halmashauri. Rasimu zinaanza wiki ijayo. Darasa litachagua moja ya kutumwa kweli, kwa muhuri wa shule. Mwalimu mkuu hajakubali kutia saini. Amesema ataisoma kwanza.